Kisu cha Bi Siwazuri na Kamba ya Jumbe

Sogeeni karibu, lakini si karibu mno, maana bibi yenu ana kisu mkononi na muhogo mapajani. Haya, niitikieni vizuri. Kulikuwa!

"Kukawa!"

Kukawa na nini?

"Tuambie wewe uliyekuwepo!"

Mimi sikuwepo, nyie watoto msio na adabu. Ni mzee, lakini si mzee kiasi hicho. Aliyekuwepo ni bibi wa bibi wa bibi yangu, na yeye ndiye aliyekipokea kisa hiki kikiwa bado cha moto.

Basi hapo kale, kale ya kale, milima ikiwa bado inagombania pa kukaa, palikuwa na mji uitwao Makumbini. Na watu wa Makumbini walikuwa wasokota kamba. Waliloweka makumbi ya nazi topeni hadi yakaoza, wakayaponda, wakatoa usumba, yaani nyuzi zake, wakasokota. Walisokota kamba za vitanda, kamba za ndoo, kamba za mbuzi na kamba za kuvutia magogo. Na kila mtu wa Makumbini, mwanamume kwa mwanamke, alikuwa na kijisu cha kukunja ndani ya kibindo chake. Mtoto aking'oka meno ya mbele, babu yake humpa kisu. Humpa pamoja na mafundisho matatu: mpe mwenzio kwa mpini; kata kuelekea nje, si kujielekea; na kisu kikiwa wazi, usiongee. Ukitaka kuongea, kikunje kwanza.

Unacheka nini, Tamimu? Ndiyo, mji mzima ulinyamaza wakati wa kumenya muhogo. Laiti nyinyi mngekuwa watu wa Makumbini, ningepata raha.

Katika mji huo aliishi mama mmoja mtu mzima, Bi Siwazuri. Mume alikuwa amekufa, binti amekufa, amebakiwa na mjukuu mmoja tu, Mwanahawa. Kisu cha Bi Siwazuri kilikuwa cha marehemu mumewe, mpini wa pembe ya tandala, makali membamba kama jani la mchaichai. Alikatia kamba. Alimenyea machungwa. Alitolea mwiba mguuni, alikatia kucha, alikwangulia masizi sufuriani, alipasulia majipu ya majirani. Siku moja alimkata nacho mbuzi wa watu kamba iliyokuwa inamnyonga, na mbuzi akamshukuru kwa kumlia kanga. Ndiyo kazi ya kisu, wajukuu zangu.

Na mji ulikuwa na mtawala, Jumbe Fumbwe. Jumbe alikuwa mtu mwema, mnene, mwenye sauti. Siku moja alikaa barazani anamenya muwa kwa kisu chake. Alikuwa anaukata kujielekea. Na huku anakata, anamgombeza mpishi:

"Wali gani huu! Wali wa kujengea ukuta! Nani aliyekufundi... Aaah!"

Kidole gumba. Kimekatwa. Damu imetoka ya kulowanisha ukucha.

"Nimeuawa!" akapiga kelele Jumbe Fumbwe. "Nimeuawa mimi! Niitieni wanangu!"

Wakaja wanawe, wakaja wake zake, akaja mganga na kitambaa cha mikono mitatu, gumba likafungwa hadi likawa kubwa kuliko kichwa cha mpishi. Na akaja Mwinyi Sengo, mshauri mkuu. Mwinyi Sengo alikiangalia kile kisu chini, akakizunguka mara tatu, akatikisa kichwa.

"Jumbe," alisema, "kisu hiki hakikuteleza. Kisu hiki kilitumwa."

"Kimetumwa na nani?"

"Hatujui, Jumbe. Hapo ndipo penye hatari."

Akili hizo! Mngeweza nyinyi? Mngesema tu, "Jumbe, ulikuwa unaongea." Ndiyo maana nyinyi si washauri wakuu.

Baraza likakaa siku saba. Wazee tisa, siku saba, mbuzi kumi na wanne wameliwa. Siku ya nane ikapigwa mbiu: kuanzia leo, hakuna mtu wa Makumbini kuwa na kisu. Visu vyote viletwe barazani, vitiwe sandukuni. Atakayepatikana na kisu atavushwa mto, nyumba yake itavunjwa, na hatarudi Makumbini maisha yake yote. Sheria hii ni kwa usalama wenu wenyewe.

Watu wakasema, "Hewala, Jumbe." Wakaleta visu. Vilivyopinda, vilivyooza kutu, visivyo na mpini, vya marehemu ambao hakuna aliyewakumbuka. Mzee mmoja alileta kijiko. Sanduku likajaa pomoni. Mwinyi Sengo akafurahi hadi akalia.

"Na watu wakitaka kukata kitu?" aliuliza Jumbe, maana nimesema alikuwa mtu mwema.

"Nimefikiria hilo, Jumbe. Kutakuwa na Kisu cha Ruhusa."

Kisu cha Ruhusa kikafungwa kwa mnyororo kwenye nguzo ya baraza. Unataka kukata kitunguu? Chukua kitunguu chako, nenda barazani, panga foleni. Askari atakuuliza: jina lako? Jina la kitunguu? Unakikata vipande vingapi, na kwa nia gani? Kisha utakata mbele yake. Na kisu chenyewe, ili kisimdhuru mtu, Mwinyi Sengo alikisugua juu ya jiwe hadi kikawa butu kama kisigino.

"Mbona hakikati?" watu waliuliza.

"Kisu kinachokata ni hatari," alijibu Mwinyi Sengo.

Watu wakasema, "Hewala, Mwinyi." Wakaenda kula muhogo na maganda yake.

Haikuishia hapo. Mtu akikosa kisu hutumia kigae. Vigae vikapigwa marufuku. Watu wakakatia gome la muwa. Gome la muwa likapigwa marufuku. Kinyozi alipokonywa wembe, na wanaume wa Makumbini wakafuga ndevu hadi wake zao wakawa wanawatambua kwa kikohozi. Mtu akakatia meno, na Mwinyi Sengo akaitisha baraza kujadili meno. Baraza lilikwama tu kwa sababu wajumbe walikuwa na njaa.

Sasa, Bi Siwazuri. Bi Siwazuri alipeleka barazani kisu chake?

"Hakupeleka!"

Mmejuaje? Alipeleka. Alipeleka kisu cha shoga yake aliyekufa mwaka wa nzige, hakina makali wala haya. Cha mumewe alikifutika ndani ya nywele zake, katikati ya misuko, akafunga ushungi juu. Askari walipapasa vibindo, walipapasa vikapu, walipapasa hata watoto wachanga, lakini hakuna askari aliyethubutu kupapasa kichwa cha bi kizee.

"Bibi," alisema Mwanahawa siku aliyojua kwamba ana mimba ya kwanza, "wakikikuta?"

"Hawatakikuta."

"Wakikikuta watakuvusha mto. Nani atanishika mimi siku yangu ikifika? Sina mama, sina shangazi. Nina wewe tu."

Bi Siwazuri akakaza ushungi. Alimpenda mjukuu yule kuliko macho yake, na kila asubuhi alipofunga ushungi aliogopa. Lakini kila asubuhi alikuwa na kamba za kukata, na mji mzima ukiwa unaguguna ncha za kamba kama panya, yeye alijifungia ndani, akanyamaza, akakata. Kisha ncha hizo aliziponda kwa jiwe zifumuke, zionekane zimegugunwa. Maana mkato safi ungemshitaki.

Mwaka ukazunguka, ikakaribia Siku ya Mwaka. Siku hiyo Jumbe mwenyewe humshika fahali mweusi kwa kamba, wakauzunguka mji mzima, kisha fahali akachinjwa, watu wakala. Na ile kamba ina masharti yake. Iwe ya pima saba. Ikatwe barazani mbele ya watu na mkono uleule ulioisokota. Na isiguse ardhi, maana ikigusa ardhi mvua itakasirika. Msokotaji mwaka ule alikuwa nani? Bi Siwazuri.

Wewe unauliza kwa nini hakusokota pima saba tu akamaliza? Kwa sababu kamba njema husokotwa ndefu baina ya nguzo mbili, kisha hukatwa, mjukuu wangu. Umeuliza vizuri. Mwinyi Sengo hakuuliza.

Alisokota pima ishirini. Nene, ngumu, ya kufungia tembo. Akaipeleka barazani asubuhi, akapanga foleni nyuma ya mwenye mchicha na mwenye samaki, zamu yake ikafika.

"Jina?" aliuliza askari, kijana mmoja aitwaye Chande.

"Chande, mimi ndiye niliyekupasua jipu."

"Jina, bibi. Ni sheria."

"Siwazuri."

"Unakata nini?"

"Kamba ya Jumbe. Pima saba."

Akapewa Kisu cha Ruhusa. Akakata. Akakata hadi jua likafika utosini, na kamba haikutoka hata unyuzi mmoja. Kisu ndicho kilichokuwa kinaisha. Kisha akaitwa Mwinyi Sengo.

"Mwinyi, kisu hiki hakikati. Kinoe, au nifungulie sanduku nikate kamba ya watu."

"Mama, sanduku limefungwa."

Na kweli lilikuwa limefungwa. Mwinyi Sengo alilizungushia ukanda wa ngozi mbichi mara saba, akapiga fundo bichi, likakauka juani hadi likawa kama chuma. Kufuli, alisema, lina ufunguo, na ufunguo huibwa.

"Kamba ikibaki ndefu itamdhuru mtu," alisema Bi Siwazuri.

"Kamba haijawahi kumdhuru mtu. Visu ndivyo vinavyodhuru watu. Uliza gumba la Jumbe."

"Basi hizo pima kumi na tatu zilizozidi zitakaa wapi? Haziruhusiwi kugusa chini."

Mwinyi Sengo akafikiri. Mtu mwenye akili hakosi jibu.

"Zitazungushwa shingoni mwa Jumbe. Itakuwa pambo."

Bi Siwazuri alisimama pale, kisu kikimkuna utosini. Angeweza kuipeleka kamba nyumbani akaikata kwa pigo moja. Lakini kamba ile hukatwa mbele ya watu, ikirudi fupi wangeuliza imekatwa na nini, na mimba ya Mwanahawa ilikuwa imeshuka. Akasema, "Hewala, Mwinyi." Akarudi nyumbani akiwa amejichukia.

Ikafika Siku ya Mwaka. Kwa usalama wa wageni, hata Kisu cha Ruhusa kikaingizwa sandukuni, likafungwa upya. Mpishi akauliza, fahali atachinjwa na nini? Akaambiwa suala hilo litapelekwa barazani baada ya fahali kuzungushwa.

"Bibi, leo kiache nyumbani," alisema Mwanahawa. "Leo askari wametoka wote."

"Nikikiacha nitakatia nini?"

"Leo hakuna cha kukata!"

Bi Siwazuri akafunga ushungi juu ya nywele zilezile.

Basi huyo Jumbe Fumbwe anatoka, kanzu nyeupe, kamba mabegani na shingoni imepanda hadi masikioni, uso umechungulia kama kobe. Huyo fahali mweusi mbele. Watu wanashangilia, ngoma zinalia, wakazunguka upande wa mto, wakazunguka upande wa makumbi, wakafika lango la mji. Na pale langoni mpiga siwa akavuta pumzi, akaipuliza siwa sikioni mwa fahali.

Mnafikiri fahali alipanga foleni? Fahali aliruka. Akapita kushoto kwa nguzo ya lango, Jumbe amebaki kulia. Akaizunguka nguzo, akavuta. Zile pima kumi na tatu zikakaza, pambo likawa kitanzi, na Jumbe Fumbwe akabanwa shingo kwenye nguzo, miguu inatafuta ardhi.

"Mshikeni fahali!"

Wakamrukia wanaume ishirini, na kadiri walivyomvuta mkia ndivyo alivyovuta kamba.

"Fungueni fundo!" Fundo lilikuwa la Makumbini, halifunguki kwa vidole.

"Kisu! Leteni kisu!" alipiga kelele Mwinyi Sengo. "Chande, kimbia sandukuni!"

Chande akakimbia. Sanduku hilo hapo barazani, hatua thelathini. Akafika, akavuta ukanda. Ukanda wa ngozi kavu, mara saba. Unakatwa na nini? Na kisu. Kisu kiko wapi? Sandukuni. Chande akaushika kwa meno, akaguguna, na jino likavunjika ta!

"Nani ana kisu?" alilia Mwinyi Sengo akiwageukia watu. "Jamani, nani ana kisu?"

Mji mzima umesimama, kila mmoja ameshika kibindo chake kwa mikono miwili na kuangalia miguu yake.

Uso wa Jumbe ukawa kama bilingani. Bi Siwazuri alimtazama, akasema moyoni: alivunja mafundisho mawili kwa muwa mmoja, akatufungia visu vyetu, acha anyongwe na ujinga wake. Kisha alimtazama Mwanahawa, ameshika tumbo. Akauona mto. Akajiona ng'ambo ya mto, mtoto analia upande huu na yeye hasikii. Alitaka kukaa kimya kama wengine. Lakini aliyeisokota kamba ile ni yeye, na mkono ulioisokota ndio uliopaswa kuikata.

Akafungua ushungi. Mvi zikaanguka, kisu kikatoka. Hakusema neno, maana kisu kilikuwa wazi. Akapitisha vidole viwili baina ya kamba na shingo ya Jumbe, akakata kuelekea nje. Pigo moja.

Jumbe akaanguka kama gunia. Fahali naye akaanguka upande wake, akainuka, akaenda kula mchicha bustanini kwa Mwinyi Sengo. Bi Siwazuri akakunja kisu.

Jumbe anakohoa, anatema mate, watu wanampepea. Na Mwinyi Sengo anafanya nini? Ameokota ncha ya kamba, anaikagua.

"Mkato safi," alisema. "Nani kakata?"

"Mimi," alisema Bi Siwazuri.

"Kwa kisu?"

"Kwa kisu. Kwa ulimi ilishindikana."

"Sheria ni sheria. Leteni mtumbwi. Avushwe leo hii, kabla jua halijatua."

"Subiri," alisema Jumbe kwa sauti ya chura. "Mama, kisu hicho umekitoa wapi?"

"Kichwani, Jumbe."

"Kimekaa humo tangu lini?"

"Tangu siku ya mbiu. Mwaka mzima."

Mwanahawa akajitokeza, tumbo mbele, machozi yanamtoka. "Mkimvusha bibi mnivushe na mimi," alisema, na akatia mkono kibindoni akatoa kisu chake.

Bi Siwazuri akashika kiuno. "Mwanahawa! Na maneno yote yale uliyokuwa ukiniambia!"

"Nilikuambia uache chako, bibi. Changu hukuuliza."

Kisha mpishi akatoa chake. Kinyozi akatoa wembe wa pili. Mpiga siwa akatoa chake ndani ya siwa. Yule mzee wa kijiko akatoa viwili. Mmoja mmoja, mji mzima, kibindo kwa kibindo. Wa mwisho alikuwa Chande, damu mdomoni na jino kiganjani, akatoa kisu kirefu chini ya mkanda wake wa uaskari.

Jumbe Fumbwe akawaangalia wote. Akaligusa gumba lake, lenye kovu dogo kama punje ya mtama.

"Mwaka mzima mlikuwa na visu?"

"Mwaka mzima, Jumbe."

"Nikipita kati yenu kila siku?"

"Kila siku, Jumbe."

"Na hakuna aliyenichoma?"

"Tulikuwa tunamenya muhogo, Jumbe."

Jumbe akashika shingo yake. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na sasa hivi, nilipokuwa nakufa?"

Watu wakaangalia chini tena. Chande ndiye aliyejibu.

"Tulikuwa tunafuata sheria, Jumbe."

Wajukuu zangu, inasemekana Jumbe Fumbwe alilia, na safari hii hakuita wanawe. Hata Chande alilia, maana sasa alijua kwamba alipoteza jino lake bure, na kwamba angeweza kumpoteza na Jumbe pia.

Mwinyi Sengo peke yake ndiye aliyekuwa na macho makavu. Akanyoosha kidole. "Jumbe, nina wazo. Ni wazi sasa kwamba hatari kubwa ya mji huu ni kamba."

Jumbe akafuta machozi.

"Mwinyi Sengo," alisema, "nenda ukalifungue lile sanduku. Na kwa usalama wako, tumia Kisu cha Ruhusa."

Kisu cha Ruhusa kilikuwa wapi?

"Sandukuni!"

Ehe. Basi wanasema bado yuko pale, anauguguna ukanda, amefika mzunguko wa pili.

Bi Siwazuri akampa Jumbe kisu, kwa mpini. Jumbe akakipokea, akafunga mdomo wake, akachinja fahali, na watu wakala. Siku ya nne Mwanahawa akajifungua mtoto wa kike, na aliyemshika ni bibi yake, na kitovu kilikatwa kwa kisu kilekile chenye mpini wa pembe ya tandala. Huyo mtoto, aliyekuwepo langoni akiwa tumboni, ndiye bibi wa bibi wa bibi yangu.

Basi mafunzo yake muyashike, maana sitayarudia. Kisu kinaweza kukata gumba, sikatai, na ndiyo maana mtoto hufundishwa kabla hajapewa. Lakini ukiwatisha watu kwa kitu chao cha kila siku, watakificha tu, na siku utakayokihitaji watasimama wameshika vibindo huku unakufa. Na nyinyi mkiwa wakubwa, mkaona mtu ananyongwa, msiulize kwanza mbiu ilisema nini.

Kisa changu nimekimenya, maganda nimewaachia. Anayetaka atafune, asiyetaka awapelekee mbuzi.

Haya, Tamimu, niletee kile kisu kingine pale kwenye kinu. Hapana, si hivyo. Kwa mpini, baba. Na unyamaze.